Fundo la Isale

Bwana wa mimea pale KIA alikuwa na haki:
jani bichi halivuki mpaka bila cheti.
Akavitia vifurushi kumi na vinne katika mfuko mweusi,
akagonga muhuri,
na Mwalimu Nohea, siku mbili na nusu angani
kutoka visiwa vilivyozaliwa na moto,
akausindikiza mfuko ule kwa macho
kama mtu asindikizaye jeneza.

Mimi nilikuwa karani tu wa tamasha:
maji ya chupa, vitambulisho, na kutafsiri.
Garini nikatafsiri hivi: bila majani hakuna sketi,
bila sketi hakuna ngoma ya mfalme,
na Jumamosi ni keshokutwa.

"Mfalme yupi?"
Kundaeli dereva hapendi hadithi ianzie katikati.

Basi mwalimu akasimulia, nami nikafuata
kwa Kiswahili kinachochechemea:
walifika wageni wenye vitabu, wakaikuta ngoma,
wakaiona nyonga,
wasiuone ukoo uliopakatwa na nyonga.
Wakaikataza. Ikahamia mabondeni,
mama akimfundisha mwana usiku, mikono bila sauti.
Akaja mfalme mmoja mpenda tafrija,
akasema: ichezwe.
Ikachezwa mchana kweupe, mabalozi wakitazama.
Ufalme, baadaye, walinyang'anywa.
Ngoma haikuonekana kwenye orodha ya mali.

Kundaeli akapunguza mwendo, na barabara ilikuwa tupu.
"Hata kwetu Machame," akasema.
Hakuendelea.

Tulipandisha kwa shangazi yangu, Ndeanasia,
mzee wa kanisa, miaka themanini na moja,
akatuandalia chai na magimbi ya kuchemsha.
Mgeni akalishika gimbi kwa mikono miwili.
Kwao, akasema, gimbi ni kaka mkubwa,
alizaliwa kabla ya watu.
"Na mnamla?"
"Yeye ndiye anayetulisha."
Shangazi akamwongezea la pili.

Ndipo mwalimu akauona ua.
Masale, toka lango hadi makaburini,
marefu, yanayong'aa, yamenyooka.
Akaenda akayagusa taratibu,
kama umekutana na ndugu kwenye stendi ya ugenini
na unaogopa umemfananisha.

Nikawahi kusema hapana.
Isale si nguo. Isale ni mpaka, ni kaburi,
ni jani la kuomba radhi:
ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea,
hana njia ila kusamehe.
Nilisema kwa fahari, nikimtazama shangazi anisifu.

Hakunisifu.
Alikuwa akifuta meza iliyokwisha kuwa safi.

"Mama yangu alicheza uani kwa Mangi," akasema,
"njuga miguu yote miwili.
Mwaka wa kipaimara changu tuliambiwa
nyumba isiwe na vitu vya giza.
Hakuna aliyekuja kuzichukua.
Nilizitupa mimi. Chooni.
Mama akasikia zinavyolia kwenda chini,
akaendelea kumenya ndizi."

Hilo nililitafsiri nusu.
Nusu nyingine mwalimu aliipata mwenyewe, sijui wapi.

Shangazi akachukua panga lake la majani ya ng'ombe,
akakata isale la kwanza, akalipiga fundo,
akatazama huku na huku amkabidhi nani.
Mwisho akalichomeka kwenye kilemba chake.
Mengine akayakata kama mtu anayelipa deni kwa noti ndogo,
na sisi wote tukayabeba.

Jumamosi mlima haukuonekana, mawingu yaligoma.
Mtangazaji alikosea jina la visiwa mara mbili.
Kisha mikono ikaanza kunena,
na viunoni masale yetu yakasema shaa, shaa,
sauti ambayo makaburini hayajawahi kuitoa.

Nilimtafuta shangazi kwenye viti vya wageni rasmi. Hayupo.
Nikamwona nyuma, karibu na jenereta, amevua viatu.
Kisigino chake cha kulia kilipiga nyasi mara nne,
kikatulia,
kikingoja mlio.