Hakulia

Kitabu kinasema: hakulia.
Neno moja, nukta, na sura inafungwa,
kana kwamba neno moja latosha kumsitiri mwanamke
aliyepandishwa kigoda cha toba Jumapili tatu mfululizo
mbele ya kanisa zima la Kilbarran,
gunia mwilini, miguu mitupu,
Februari ya Uskoti ikimtafuna vidole.

Grizel Muirhead, mfuma kitani,
sitaki kubishana na aliyekuandika.
Ila nimefua nguo za matanga,
najua kujikaza kisabuni ni nini:
kipande kigumu mkononi, kina kona zake,
na maji yanakila kimya kimya.

Mchungaji alinguruma habari za Babeli.
Ulimtazama kidevuni, hukupepesa.
Mke wa mwoka mikate akamnong'oneza jirani,
"Huyu ni jiwe,"
na jirani akakubali, kwa wivu kidogo.

Hakuna aliyejua kwamba zaburi ilipoanza
maziwa yalikutoka.
Mtoto alikuwa maili mbili mbali, kwa dada yako,
na mwili, usiojua hukumu wala liturujia,
ulisikia kilio ndani ya wimbo,
ukaitika.
Ulishukuru mvua iliyokunyeshea njiani:
gunia lililokwisha kulowa
halitoi siri.

Kwetu husema mficha uchi hazai.
Hawasemi aliyezaa aufiche wapi.

Naye alikuwepo. Benchi la nne, karibu na nguzo,
Ninian, mwana wa mwenye kinu,
besi yake imebeba safu nzima.
Mara ngapi walikuuliza jina,
ukafunga kinywa, wakaandika daftarini: kiburi.
Kumbe uliogopa kwamba ukikifungua
lisingetoka jina,
ingetoka sauti ile ya ng'ombe
ndama wake anapoongozwa nje ya zizi,
na isingekoma.

Jumapili ya tatu ulishuka.
Ulilikunja gunia pembe kwa pembe, kama shuka la mgeni,
ukampa mtunza kanisa, ukamwambia asante.
Hakulia, kinasema kitabu.
Sura inayofuata ni masika, kondoo, soko la nyuzi.

Lakini chini ya ile nukta
imebaki nusu ukurasa mweupe,
na hapo ndipo ninapokuona:
nyuma ya ukuta wa mawe, umechuchumaa,
unajikamua juu ya theluji iliyosalia
ili maumivu yapungue,
na theluji inatoboka vitundu vidogo vidogo, vya moto.
Unavitazama.
Unawaza jinsi ilivyo rahisi kulala hapa,
shavu chini, mpaka pawe tambarare tena.
Unawaza kwa muda mrefu. Mrefu kuliko sura yoyote.

Kisha unafunga kamba za kifuani, fundo kwa fundo,
kwa vidole visivyohisi kamba,
kwa sababu maili mbili
ni maili mbili.