Nyuzi Nne

Ghislaine hachemshi utomvu kabla hajachemsha maji.
Kila alfajiri ya Machi: sufuria ndogo, maji matupu ya bomba,
kipimajoto kimefungwa kwa uzi wa kushonea viatu.
"Leo tisini na tisa na nusu,"
anaandika kwa chaki mlangoni.
Jana ilikuwa mia kamili.
Hewa nayo ina uzito wake, ina siku huamka nyepesi,
nasi huku Saint-Zacharie hatubishani nayo.

Kisha tunafungua koki.
Utomvu wa ule mti ambao jani lake limo benderani
unaingia karaini, mwangavu, mwembamba.
Siku ya kwanza niliuonja nikacheka:
lita arobaini za maji
yaliyosikia tu tetesi za sukari.

Mwanzoni unachemka upesi, kwa makelele,
kama msafiri asiye na mzigo.
Maji yanaruka, yanatokea darini.
Sukari hairuki.
Maji yanavyopungua ndivyo inavyosongamana,
na tone linalotaka kutoka
linaambiwa: bado, leta moto zaidi.

Mia. Mia na moja.
Nasukuma kuni, nyusi zimeniungua mara ya pili msimu huu.
Mia na mbili, povu limebadili sauti.

Nilimuuliza, kwa nini tusichore alama moja ya kudumu, tupumzike?
Akagonga mlango kwa chaki,
kwa Kifaransa chake cha kumeza herufi:
"Nyuzi nne juu ya maji ya leo. Siyo ya jana."

Mimi Uvira nilijulikana kwa kuchemka.
Neno moja la jirani, sahani zimeruka.
Sasa mume wangu anawasimulia wageni
kwamba baridi ya huku imenipoza.

Sijapoa, Byamungu.
Moto ni uleule, hata umezidi.
Hesabu vilivyomumunyika humu:
mazishi ya mama niliyoyasikiliza kwa simu
nikiwa zamu ya usiku, simu ikikatika kwenye dua;
jina langu, Nabintu, lililofupishwa na karani;
majira matatu ya barua zisemazo "faili lako linashughulikiwa".
Hakuna kilichoruka na mvuke.
Ndiyo maana unaona uso umetulia.

Mia na tatu na nusu.
Ghislaine anachota, anainamisha mwiko:
shira haidondoki tena, inashuka kama shuka.
"Toa!"

Jioni anafuta chaki kwa kiganja.
Mlango una doa jeupe lisilotoka.