Tawi Jipya

Leo saa nne usiku, Mabela.
Kiyoyozi kinakohoa, halwa imeshafunguliwa:
tamthilia yetu imezaa mtoto.
Ghaithi anataka damu, vizuu wenye mbio,
si misimu miwili ya watu kubishana ghalani.
Mimi namtaka yule daktari
aliyeachwa darajani, geti likafungwa,
na maiti hatukuonyeshwa.

Bibi Zuwena, mzaliwa wa Wete,
hakosi hata sehemu moja.
"Kizuu hafi kwa risasi. Hawa hawajui."
Kisha, akimenya chungwa:
"Nami nina langu ninalolingoja.
Misimu kumi na mmoja wanaua,
wanaruka, wanakwenda zao.
Safari hii mtu mmoja tu
asimame, achimbe,
amsitiri mwenzake."

Ghaithi kanyamaza.
"Haya, ongeza sauti."