Dakika Tatu, Chumba 114

Merle Haugen ameendesha saa sita kwenye theluji
kuja kutoa ushahidi wa dakika tatu.
Viatu vinavujia zulia la bunge la jimbo.
Karatasi imekunjwa mara nne,
ina doa la grisi ya mashine ya kufunga nyasi.

Mswada una kurasa tisa.
Kifungu cha pili kinafasili mwili:
mbegu, yai, basi.
Kifungu cha saba kinachomoa neno moja
kwenye sheria ya kutobagua,
kama fundi achomoaye msumari
akidhani picha itajishikilia.

Mwenyekiti Thorsrud anaanza, "Karibu, B—"
anasita kati ya Bwana na Bibi,
anakohoa, anakunywa maji.
"Taja jina. Unaunga mkono au unapinga?"

"Mwenye nyumba wangu ni mtu mwema," Merle anasoma,
"ila wema wake haujawahi kuachiwa mlango wazi."
Kengele inalia
karatasi ikiwa bado na mikunjo miwili.

Anayefuata ni mama wa mkimbiaji wa mita mia nne.
Anaunga mkono. Sauti inamkatika akitaja
asubuhi za mazoezi, barafu kwenye nyusi za bintiye.
Merle anamsogezea boksi la tishu.

Nami huku nyuma naandika kwa Kiswahili,
na yeye wangu hana sketi wala suruali.
Tangu mstari wa kwanza sijakwambia.
Ulishaamua?

Koridoni Merle anatafuta glavu ya kushoto.
Saa sita za kurudi.
Theluji haijaacha.