Saa Saba, Bwawani

Pedali ya kushoto inalia kama mlango wa stoo.
"Kanyaga, Nekesa," asema Mutinda,
tai begani, mkebe wa githeri magotini.
Boti hii ni rika la mama zetu:
rangi juu ya rangi, na chini yake
jina la mtu, nusu limekwanguliwa.

Gurudumu linachota maji, linayamwaga palepale.
Tumezunguka mara tatu.
Ghorofa ya tisa, dirisha la ofisi yetu
linatukodolea.

Mto wenyewe uko nyuma ya soko, mweusi,
haubebi abiria ila chupa.
Hapa tumelipa mia mbili, nusu saa.
Korongo mwenye upara anahesabu maharagwe yetu.

Filimbi ya mwenye boti: muda!
Mutinda anatafuna, hasikii.
Miguu yangu nayo haina masikio.