Kuni za Ilpo

Miaka thelathini tulimcheka kaka yangu.
"Mfini asiyeingia sauna!" baba alisema,
na kila Krismasi sisi tukaoga mvuke,
Ilpo akabaki uani kupasua kuni
zisizohitajika.

Mwaka huu, Kemijärvi, theluji ikigusa madirisha,
alisimama na shoka mkononi akaniambia,
kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya maziwa:
"Ni mwalimu wa kuteleza thelujini.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Ufunguo wa sauna ya klabu alikuwa nao yeye."

Mwalimu yule. Aliyekula mezani kwetu.
Aliyenifunga mimi kamba za viatu.
Mama alimfumia soksi za kijivu,
jozi mbili, kwa shukrani.

Swali lilinijia mdomoni:
mbona hukusema?
Nikalimeza na miiba yake,
maana alisema.
Alisema kila Krismasi, kwa kuni,
alisema kwa tumbo lililomuuma kila Alhamisi,
mama akasoma kipimajoto, akamwambia
mzima wewe, vaa buti.

"Nakuamini," nikasema.
Neno lilitoka na ukungu wa pumzi
likaelea kati yetu.
Nilimuuliza kama nimkumbatie.
Akatikisa kichwa.
Basi nikashika ncha ya pili ya gogo.

Hakulia. Mimi ndiye niliyejiandaa kwa kilio.
Aliuliza kama kahawa imebaki.
Tulikunywa jikoni, mlango wazi, baridi ikiingia,
yeye kwenye kiti kinachoona njia ya kutokea,
na kumbe ndicho kiti chake tangu utotoni.
Akasema nani ajue: mama, bado.
Mkewe, ndiyo, ila kwa kinywa chake mwenyewe.
Habari ni yake. Mimi nimeazimwa.

Usiku nilitaka kumtafuta yule mzee,
nivunje madirisha yake kwa shoka lile lile.
Hasira ilikuwa tamu, ilinipasha mwili.
Lakini Ilpo hakuniomba hasira.
Aliniomba nimpeleke Rovaniemi Jumanne,
kuna mwanamke huko ambaye kazi yake ni kusikiliza,
nikae garini, injini ikinguruma,
nisiende dukani hata akikawia.

Atakawia.
Nimejaza chupa ya chai.
Uani kuni zimefika paa,
na mwaka huu hakuna aliyemuuliza
za nini.