Harufu ya Kijiti

Kabla ya kunifundisha kuendesha
mama mdogo Lorencita alinifundisha kunusa.
Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi,
akakipangusa kwa shati kuukuu la mjomba,
akakichovya tena, akanisogezea puani.
"Haya mazima. Mekundu
kama tone la kidole kilichodungwa sindano.
Siku yakigeuka kahawia, yakanuka mkate ulioungua,
usiniulize kitu. Katafute farasi."

Nyuma ya nyumba lipo gari la mjomba Harrison,
limekalia matofali mwaka wa tisa.
Alilijaza kuni, akalielekeza mlimani
gia ya juu kabisa, redio wazi,
na gia ikawa yapanda, yashuka, yapanda, yashuka,
kama mgeni asiyejua aingie au atoke,
kila kusita moto ndani ya chuma.
Aliona moshi akadhani ni vumbi.
Sasa paka huzalia kitini pake.

Sisi twabeba maji.
Huku kwetu Arizona, nchi ya Wanavaho, mabomba yameishia kwa wengine.
Maili ishirini na mbili hadi kisimani;
tangi moja mgongoni, jingine kwenye tela,
kila moja tani nzima,
na maji si mawe, hayatulii:
ukifunga breki yanakusukuma kisogoni.

Huondoka gizani, mchanga ungali baridi.
Yeye hubonyeza kitufe cha kukokota mzigo,
huikataza gia ya juu isijitie.
"Injini ikilia, ilie kwa sauti moja.
Kilio cha kubadilika-badilika ndicho kibaya."
Mbele ya rejeta amefunga kipoza mafuta,
kilichomgharimu kondoo wawili
na maneno ya bibi, ambayo hayajaisha.

Julai ile foleni ya kisima ilitushika.
Saa tano mchana, mwinuko wa Udongo Mwekundu,
usukani mikononi mwangu, mchanga ukimumunya matairi,
na mshale wa joto: mia mbili.
Mia mbili na kumi na tano.
Ishirini na tano.
Kileleni zilibaki nguzo sita za umeme
(umeme usiotuhusu), nikakanyaga.

"Ondoa mguu."
Hakupaza sauti.

Tulisimama penye tambarare, gia huru, boneti juu.
"Usizime. Acha mafuta yazunguke,
yapite kwenye kipoza, yarudi yamepoa."
Nikatazama maji yote yale nyuma yetu
na chuma kikitokota chini ya miguu yetu.
"Nimwagie kidogo?"
"Chuma cha moto ukikinywesha baridi kinapasuka.
Na haya yana wenyewe."

Elroy Manygoats akapita na pikapu tupu,
akatoa kichwa: "Nguzo sita tu, Lorencita!"
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Mama mdogo akamtazama kitambo.
"Elroy, mapipa yako yana kitu?"
Kicheko kikamkauka. Tangu Jumapili, alisema,
mbwa wake wanalamba bati.

Basi mshale uliposhuka tukageuza, polepole,
hadi kwake chini ya mwinuko,
tangi la tela likalia gudugudu ndani ya mapipa yake,
na tela lenyewe tukaliacha uani.

Mara ya pili mshale uligoma kwenye mia na tisini.
Nguzo nilizihesabu kwa sauti, zote sita,
naye akajifanya amelala.

Bibi alikuwa mlangoni.
"Maji mengine yako wapi?"
"Yako chini," akajibu, "yanapumzika."

Jioni akachomoa kijiti.
Hakukinusa.
Akanikabidhi mimi,
akaenda kuwafungia kondoo.